Lushoto, Upare au Amani kabla ya kushuka Pangani? Tunaanzia Moshi na tuko na mzee

Binti_Majengo, Moshi

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliofika wenyewe.

Baba yangu ana miaka 73. Alikuwa mtu wa reli: miaka mingi stesheni ya hapa Moshi, miaka minne Tanga. Tangu astaafu ana ombi moja, kurudi Tanga aione bahari, na njiani apande ile milima aliyoipita usiku na mchana bila kushuka. Nimedunduliza, mdogo wangu atatuendesha kwa Noah yake, na tuna siku sita, wiki ya pili ya Februari. Tutakuwa wanne: baba, mimi, mdogo wangu na mwanangu wa darasa la tano.

Tunatafuta vitu vinne katika safari moja: majumba ya kale, milima, uwanda wa juu wenye msitu na baridi, kisha pwani. Pangani na Tanga mjini hazina mjadala, lazima tufike. Swali langu ni tulale mlima upi kwanza. Kuna Lushoto, ambako kila mtu anakusifia. Kuna Upare, Usangi au Mbaga, karibu zaidi na nyumbani. Na kuna Amani, juu ya Muheza, ambako sijapata mtu wa kunieleza vizuri. Magoti ya mzee yamechoka. Kutembea anatembea, lakini mteremko mrefu hauwezi. Linganisheni bila kuoneana haya.

Kijana_Usangi, Arusha

Dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi ni wa Usangi na nitaitetea Usangi.

Ukitoka Moshi unafika Mwanga mapema, unakata kushoto kupanda, na kabla ya chakula cha mchana umeshavaa sweta. Msitu wa Kindoroko uko juu ya vijiji, kilele chake kinapita mita 2,100, na siku ya anga safi unaona Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe upande wa pili. Upare wa kusini ndiko kwenye Shengena, mita 2,462, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, ndani ya msitu wa Chome.

Kitu cha kumwonyesha mzee ni ndiva, mabwawa yaliyojengwa na wazee wetu. Maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenye mifereji, na kila shamba lina zamu yake. Mtu aliyeishi kwa ratiba za treni ataelewa kazi ile kuliko sisi wote. Na jioni mtakula makande ya kwetu, yaliyopikwa polepole.

Ila sitakudanganya: majumba ya kale si mengi, zaidi ni makanisa na nyumba za misheni. Na vyumba vya wageni ni vya kutafuta mapema.

Mama_Wawili_Njiro, Arusha

Binti, mbona unahangaika na barabara ndefu wakati vyote viko hapa? Boma la Arusha lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, leo ni makumbusho, mtoto atajifunza. Mlima mnao dirishani. Uwanda wa juu nendeni Shira, kule juu Kilimanjaro, gari linapanda kutokea Londorossi. Mkimaliza, pandeni ndege mkamalizie Zanzibar. Mzee hachoki.

Mwalimu_Kaloleni, Arusha

Mama Wawili, heshima yako, lakini kwa Shira nakupinga. Moshi mjini iko kwenye mita mia nane na kitu. Uwanda wa Shira uko zaidi ya mita 3,500. Kumtoa mtu wa miaka 73 chini kule na kumfikisha juu ndani ya asubuhi moja ni kumtafutia maradhi ya mwinuko, hata kama gari ndilo linalopanda. Kifua hakijui kwamba miguu imepumzika.

Na Zanzibar ni nzuri, lakini mzee hakuomba Zanzibar. Ameomba njia yake.

Dada, hebu nikuelezee njia hiyo kwa sababu ndiyo inayokujibu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ilisogea kidogo kidogo, Muheza, Korogwe, Mombo, Buiko, na ilichukua karibu miaka 20 kufika Moshi. Arusha haikuona treni hadi 1929. Kila kituo kilichokaa muda kuwa mwisho wa reli kilivuta watu, mashamba ya mkonge na majengo. Kwa hiyo majumba ya kale unayoyatafuta yamepangwa kama shanga kwenye uzi huo huo wa baba yako. Usitafute mahali pazuri kuliko pengine. Fuata uzi.

Kuna jambo la Amani ambalo nadhani hakuna aliyekwambia. Wajerumani walipoanzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902, walihitaji njia ya kufikisha mizigo, wakatandika reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya mlima. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi bado imesimama, ya mbao, na ndiyo kituo cha kupokea wageni wa hifadhi ya Amani. Mtu wa reli akifika Muheza asipoiona nyumba ile, ameonewa.

Binti_Majengo, Moshi

Mwalimu, nimemsomea baba maneno yako. Amenyamaza kidogo, kisha akasema reli ya Sigi alikuwa akiisikia kwa wazee waliomtangulia kazini na hajawahi kuona ilikoishia. Hapo umeniongezea mzigo, maana nilikuwa nimeshaanza kuegemea Lushoto.

Msambaa_wa_Soni, Arusha

Egemea tu, dada, hujakosea. Ngoja nikueleze Lushoto ninayoijua mimi, niliyezaliwa Soni.

Kutoka Mombo ni kama kilomita 33, lami yote, kona baada ya kona, mto uko chini yako na migomba imeshikilia miamba. Soni kuna maporomoko karibu kabisa na barabara, mzee ataona bila kutaabika. Ukifika Lushoto uko mita 1,400 hivi. Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal na walikuwa wakipumzikia huko joto la pwani likiwazidi. Waingereza nao wakaendeleza desturi hiyo. Ndiyo maana utaona nyumba za mawe zenye mapaa ya mteremko mkali na mabomba ya moshi, jambo ambalo mtoto wa Moshi atashangaa. Wengi wanapiga picha kutoka barabarani na kuondoka. Wewe simama, bisha hodi kwa adabu, uliza nani anaishi sasa. Nyingine ni ofisi, nyingine za kanisa, na wenyeji hupenda kueleza.

Lakini naomba jambo moja kama Msambaa. Watu hufika Lushoto wakahesabu nyumba za Wajerumani wakasahau kwamba usultani wa Wakilindi ulikuwepo kabla ya mzungu yeyote kupanda mlima huu, na makao yake ni Vuga, si mbali na Soni. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga hadi sehemu za pwani. Majengo ya wakati ule yalikuwa ya miti na nyasi, kwa hiyo leo hakuna ukuta wa kupiga picha. Kuna wazee. Mkalishe mwanao kwa mzee wa Vuga nusu saa asikie habari za Mbegha mwindaji, aliyeuanzisha ukoo huo wa Wakilindi, zitamkaa kuliko ukuta wowote.

Kwa magoti ya baba: Irente. Gari linafika karibu, halafu ni mwendo mfupi hadi kwenye mwamba. Chini yako ardhi inakatika ghafla, unaona Mazinde, barabara kuu, reli, na nyika ya Wamasai hadi macho yanachoka. Nendeni alasiri, ukungu wa asubuhi unaweza kuwanyima yote. Shamba la kanisa lililo hapo karibu huuza jibini, jemu na mkate wa ngano nzito.

Uwanda wa juu uko Shume, baada ya msitu wa Magamba. Wajerumani walikata mitarakwa kule, wakajenga waya wa angani wa kushushia magogo hadi stesheni ya Mkumbara. Hebu fikiria, magogo yanaelea juu ya bonde kwenda kupakiwa kwenye treni. Mtae ni pazuri mno, lakini kwa siku zenu sita uiache. Kwenda na kurudi kunakula siku nzima na barabara itamtikisa mzee.

Dereva_wa_Segera, Moshi

Nimeendesha njia hii miaka 11. Machache ya gari.

Moshi hadi Mombo mzee akae kushoto, milima yote ya Upare na Usambara iko kushoto. Msianze kupanda Mombo giza limeingia. Si kwamba barabara ni mbaya, kuna ukungu, na malori ya kabichi yanashuka yakiwa na haraka ya soko la Dar.

Muheza kwenda Sigi ni vumbi, Februari Noah inapita mkienda taratibu. Kutoka Sigi kupanda Amani kwenyewe ni kona za mawe, na mvua moja tu ikinyesha inakuwa utelezi. Mvua za milima ile hazifuati kalenda. Kwa Noah yenye watu wanne na mizigo mimi ningeishia Sigi.

Mkati wa kurudi, mkifika Muheza nunueni machungwa hapo hapo. Ukingoja Segera unanunua yale yale kwa bei nyingine.

Nuru_ya_Bweni, Moshi

Nimewaacha watu wa milima wamalize, sasa niingie mimi wa pwani. Nyumbani ni Bweni, ng'ambo ya mto kutoka Pangani mjini, kazi ndiyo iliyonileta Moshi.

Kwanza, dada, wewe na mimi ni watu wa maji mamoja. Maji ya Meru na Kilimanjaro yanakutana Nyumba ya Mungu, yanatoka pale yakiitwa Mto Pangani, yanapita Korogwe, yanaendesha mitambo ya umeme ya Hale, na yanamwagika baharini mbele ya nyumba ya mama yangu. Mwambie mwanao. Akisimama gatini Pangani, anatazama maji ya kwao.

Sasa ulinganisho ambao hukuuomba lakini ni muhimu: walale Tanga au Pangani? Ninyi lalani Pangani siku mbili na Tanga moja. Tanga ni mji mkubwa, majengo yake yametawanyika. Boma la zamani ni makumbusho, bustani ya Jamhuri inatazama bandari, na jengo la kale la hospitali ya Bombo liko ukingoni mwa bahari, la fahari kweli. Yote hayo ni asubuhi moja kwa gari. Vita vya Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na kurudishwa majini na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, na nyuki wakawavamia wapiganaji, vina makaburi yake pale pale mjini. Mtoto wa darasa la tano atapenda habari ya nyuki.

Pangani ni nyingine. Ni mji mdogo unaoumaliza kwa miguu, hata kwa magoti ya baba, kwa sababu ni tambarare. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, milango ya nakshi, baraza za kukalia. Boma lake ni la mwaka 1810, lilijengwa na Waarabu wa Oman, Wajerumani wakalibadilisha baadaye. Nyingi zinaanguka. Nasema hivi kwa uchungu: kila nikirudi nakuta ukuta mmoja umepungua, mti umeota ndani ya sebule ya watu. Nendeni sasa. Mkiwa pale ulizeni habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani tangu 1888, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Na mkonge wote uliolisha reli ya baba yako ulianzia karibu na hapo. Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe.

Kati ya Tanga na Pangani msipite Tongoni bila kusimama. Ni magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi ya nguzo. Kwenye baadhi ya nguzo bado yanaonekana matundu yaliyopachikwa bakuli za kauri. Asubuhi au jioni, maana kivuli ni cha mibuyu michache tu.

Bahari: Februari ni kaskazi, maji ni safi na yametulia kuliko wakati wa kusi. Kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga, zamani kilikuwa na miti na kasa wakitaga, leo miti imekwisha na kisiwa chenyewe kinaonekana maji yakipwa tu. Kwa hiyo msipange Maziwe kwa saa ya hoteli, pangeni kwa mwezi. Karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapwa mbali na fungu linakaa wazi muda mrefu. Wakati wa maji mafu, yasiyopwa sana, mtalipa boti mkaone mawimbi. Waulizeni wavuvi, siyo anayekodisha boti.

Mama_Wawili_Njiro, Arusha

Nimesoma yote na nimekubali la Shira, Mwalimu, asante kwa kunisahihisha. Ila la hoteli nasisitiza: piga simu uulize kama chumba cha mzee kiko chini. Ngazi za nyumba za kale ni kali.

Mwalimu_Kaloleni, Arusha

Na jambo la treni. Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi Desemba 2019, mwaka uliofuata ikafika Arusha, na inapita Same na Korogwe. Kama siku zake zitaangukia siku yenu ya kuondoka, mzee na mjukuu wapande treni, ninyi mfuate na gari.

Binti_Majengo, Moshi

Ndugu zangu, uamuzi ni huu: Lushoto siku mbili, Sigi kwa kusimama tu, Pangani siku mbili, Tanga ya mwisho. Usangi naomba msamaha. Treni siku zake hazikuingiliana na ruhusa yangu ya kazi. Nitarudi na majibu.

Binti_Majengo, Moshi

Tumerudi juzi. Nimeahidi majibu, nayatoa na makosa yake.

Lushoto nilikosea nguo. Mwili wa Moshi Februari unawaza joto, nikambebea baba sweta moja nyembamba. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa na blanketi moja kwa kitanda na mwenyewe hakuwa na la ziada. Usiku wa kwanza baba alilala na koti la mdogo wangu. Asubuhi tukanunua koti zito la mtumba sokoni, na likamfaa hadi mwisho wa safari.

Irente tulikwenda alasiri kama alivyosema Msambaa. Baba alikaa kwenye mwamba, akaiona reli chini kama uzi. Akaanza kumtajia mjukuu wake vituo kutoka nyumbani: Moshi, Kahe, Lembeni, Same, Makanya, Hedaru, Buiko, Mombo, Korogwe, Muheza, Tanga. Mwanangu akamwambia rudia, akarudia. Kufika Pangani mtoto alikuwa anavitaja kwa kichwa, kwenda na kurudi. Vuga tulipokewa vizuri mno, mzee mmoja alitueleza habari za Mbegha kwa saa nzima, si nusu. Shume hatukufika, ukungu ulishuka tukiwa ndani ya Magamba tukageuza gari, na sijutii.

Sigi: Dereva wa Segera alisema kweli, barabara ni vumbi ila inapitika. Nyumba ya mkuu wa stesheni ipo. Baba aliizunguka polepole, akapima kwa hatua mahali alipodhani jukwaa lilikuwepo, akamwuliza mhifadhi maswali ya upana wa reli hadi yule kijana akaita mwenzake aje asikilize. Tulikaa pale saa mbili wakati mimi nilipanga dakika ishirini. Kama unasafiri na mtu mwenye kazi yake ya zamani, usimpangie muda mahali kazi hiyo ilipo.

Kati ya Lushoto na Amani, kwa wanaouliza mlima upi: kwa nyumba za kale na baridi na kupumzika, Lushoto. Mwenye gari la juu na magoti mazima apande Amani alale, kwa sababu hata pale Sigi tu msitu ulikuwa mzito na wenye sauti nyingi kuliko wowote niliowahi kuingia.

Pangani, Nuru, sijui nikushukuruje. Tulimwuliza mvuvi kuhusu maji, akatuambia tusubiri kesho yake asubuhi. Tulisubiri, na Maziwe tuliiona nyeupe katikati ya bahari, tukakaa hadi maji yalipoanza kurudi. Baba hakushuka kwenye boti, alikaa amelowesha miguu tu. Mchana tulivuka kwa pantoni kwenda Bweni, mwanangu akachota maji ya mto kwenye chupa. Anasema ni ya Kilimanjaro na anataka kuyarudisha. Kosa langu la pili lilikuwa Tongoni: tulifika saa saba mchana, jua la kuunguza, mzee akabaki garini. Mngenisikia mngenigombeza.

Tanga tulikwenda stesheni. Sitaandika mengi hapa. Alisimama kwenye jukwaa, akavua kofia.

Nuru_ya_Bweni, Moshi

Nimesoma nikiwa kazini, ikabidi nitoke nje kidogo. Mama yangu anauliza kwa nini hamkubisha hodi.

Kijana_Usangi, Arusha

Hongereni sana dada. Sasa mzee ameona Usambara wote, ndiva bado hajaziona.

Binti_Majengo, Moshi

Kijana, leo asubuhi ameniuliza Usangi kuna kilomita ngapi kutoka Mwanga. Tunafikiria Juni, shule zikifungwa. Baridi ikoje?

Kijana_Usangi, Arusha

Juni ni kali. Aje na lile koti la Lushoto.